Wastani Haubebi Nyumba

Katika mambo ambayo sisi wananchi huyaacha mikononi mwa wataalamu bila ya kuuliza neno, mojawapo ni uimara wa vitu tunavyovikanyaga na kulala chini yake kila siku: daraja, ghorofa, ukuta wa bwawa, tuta la reli. Tukiambiwa kwamba udongo umepimwa na kuonekana una nguvu ya kutosha, au kwamba zege limejaribiwa na kufaulu, twaridhika na kwenda zetu. Leo twapenda tukitazame kwa makini hicho kitendo cha kupima, maana nyuma yake limejificha swali ambalo limekwisha kugharimu maisha ya mamia ya watu. Umepimwa wapi? Na kati ya mahali palipopimwa na mahali pasipopimwa, pana nini?

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili darasani. Ardhi ya mawe ya matumbawe, kama ile ya Unguja na ya Mombasa, ina desturi yake. Mchimba kisima hupiga sururu mahali pamoja, jiwe likatoa cheche. Akisogea hatua tatu, sururu yazama katika udongo mwekundu uliojaa ndani ya ufa, au yakuta uwazi mtupu ambao ni mlango wa pango. Sasa chukua nguvu ya jiwe lile na nguvu ya uwazi ule, uzijumlishe na kuzigawa kwa mbili. Utapata tarakimu nzuri ya kuandika katika ripoti. Lakini hapana mahali hata pamoja katika kiwanja kile penye nguvu ya kiasi hicho. Nyumba itakayosimamishwa pale haitasimama juu ya tarakimu. Nguzo moja itakuwa juu ya jiwe na ya pili juu ya tundu.

Kwa muda mrefu wahandisi waliikabili shida hii kwa njia ya busara tu. Walipima sampuli chache, wakapata wastani, kisha wakaugawa kwa mbili au kwa tatu ili pabaki nafasi ya usalama. Hatuidharau njia hiyo, kwani imetujengea sehemu kubwa ya dunia tunayoiona. Walakini ina kasoro moja: yaitendea ardhi yote ya kiwanja, au zege lote la jengo, kana kwamba ni kitu kimoja chenye nguvu moja. Kosa likiwa dogo na limetapakaa pote, nafasi ile ya usalama yalimeza. Kosa likiwa limekusanyika mahali pamoja, na mahali penyewe pakawa ndipo panapobeba, kugawa kwa tatu hakusaidii kitu.

Hebu tuwachukue wasomaji wetu mpaka kusini ya Ufaransa, kwenye mto mdogo uitwao Reyran, juu kidogo ya mji wa Fréjus ulio karibu na bahari ya Mediterania. Hapo, mnamo miaka ya 1952 hadi 1954, ulijengwa ukuta wa bwawa la Malpasset, kwa ajili ya maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba. Aliyeusanifu alikuwa André Coyne, mmoja wa wajenzi wa mabwawa waliosifika kuliko wote katika zama zake. Ukuta wenyewe ulikuwa wa namna ya upinde, wenye urefu wa mita 222 kwenye ukingo wake wa juu na kimo cha mita zipatazo 66, na ulikuwa mwembamba wa kushangaza: unene wake haukufika mita 7 kwenye kitako, na kileleni ulikuwa mita moja na nusu tu. Siri ya ukuta wa namna hiyo ni kwamba haushindani na maji kwa uzito wake. Maji yausukuma, nao wageuza msukumo ule na kuutupa pembeni, kwenye kingo mbili za bonde. Basi kazi yote huishia katika mwamba wa kulia na mwamba wa kushoto. Zege ni mjumbe tu anayepeleka mzigo.

Miaka ilipita na bwawa halikujaa, kwa kuwa mvua zilikuwa haba. Kisha mwishoni mwa Novemba 1959 mbingu zilifunguka. Maji yalipanda mita za mwisho katika siku chache tu. Katikati ya mwezi ule watu walikwisha kuona maji yakitiririka kidogo kidogo chini ya ukuta, upande wa ukingo wa kulia, na macho yao yakawa huko. Tarehe 2 Desemba, saa kumi na mbili jioni, mlango wa kutolea maji ulifunguliwa hatimaye. Nafasi haikuwapo tena ya kupunguza kina cha bwawa zima kwa mlango mmoja. Ilipofika saa tatu na dakika 13 usiku, ukingo wa kushoto ulivunjika. Ukuta uliondoka karibu wote kwa mara moja, na wimbi la maji likateremka bondeni likibeba mapande makubwa ya zege. Baada ya dakika zipatazo 20 likawa limefika Fréjus. Watu waliokufa wanahesabiwa kuwa 423.

Wachunguzi walipofika walitarajia kuona zege bovu. Hawakuliona. Zege la Malpasset lilikuwa zuri, na sehemu za ukuta huo zilizobaki upande wa kulia zimesimama hata leo. Kilichoondoka upande wa kushoto ni pande kubwa la mwamba wenyewe, lenye umbo kama la kabari, ambalo liliacha shimo lililokatika sawasawa kama lililopimwa kwa rula. Chini yake, upande wa kutokea maji, palikuwa na ufa mkubwa wa ardhi ulioinama, ambao haukugunduliwa wakati wa ujenzi.

Mwamba wa mahali hapo waitwa gneisi. Una matabaka membamba yaliyolaliana, mfano wa nyuzi za ubao. Katika ukingo wa kulia matabaka hayo yaliukingama msukumo wa ukuta, kwa hiyo mzigo ulitawanyika na kupungua nguvu. Katika ukingo wa kushoto yalielekea kule kule ulikoelekea msukumo, na mzigo ukazifuata nyuzi zile na kuzama ndani sana bila ya kutawanyika. Mwamba uliobanwa namna ile nyufa zake ndogo hufumba, na maji yaliyokuwa yakipita humo hukwama. Ukawa kama ukuta wa pili chini ya ardhi, ambao hakuna aliyeuchora wala kuukusudia. Na maji ya bwawa yakaja kuusukuma kutoka chini, mpaka kabari ile ikainuka. Bonde moja, aina moja ya mwamba, jina moja katika ramani. Na kingo mbili zilizoachana kama mashariki na magharibi.

Katika miaka ya 1960 vipande vya gneisi hiyo vilijaribiwa katika maabara za Ufaransa, na habari iliyopatikana yastahili kukaziwa. Kwanza, nguvu za vipande zilitofautiana mno, hata vilivyochukuliwa karibu karibu. Pili, kipande kikubwa kilikuwa dhaifu kuliko kidogo, kwa kila sentimita ya eneo lake. Jambo hilo si la kiini macho. Kipande kidogo huenda kisiwe na ufa hata mmoja. Kikubwa hakikosi, nacho huvunjika pale penye ufa wake mbaya kuliko zote. Mtu aliyepima jiwe la ukubwa wa ngumi alikuwa amepima kitu kingine kabisa, wala si ule ukingo wa bonde uliotakiwa kubeba bwawa.

Wamarekani walikwisha kuonja uchungu wa namna hii zaidi ya miaka 30 kabla. Bwawa la St. Francis huko California, lililomalizika mwaka 1926, liliegemea mwamba wa tabaka tabaka upande wa mashariki, na upande wa magharibi liliegemea mwamba mwekundu wa changarawe zilizogandamana, ambao ukiwa mkavu ni mgumu, na ukitiwa ndani ya gilasi ya maji humumunyuka. Mkuu wa kazi, William Mulholland, aliukagua ukuta huo mchana wa tarehe 12 Machi 1928 akauona salama. Kabla ya saa sita ya usiku ule ule ulikuwa umekwisha kuvunjika, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Kwanza lawama ziliuangukia ule mwamba mwekundu, na gilasi ile ya maji ikawa maarufu. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulielekeza kidole upande wa pili, kwenye maporomoko ya kale yaliyokuwa yamelala katika ukingo wa mashariki. Twalitaja hilo kwa sababu laonyesha jinsi ilivyo vigumu, hata baada ya msiba, kuonyesha mahali penyewe palipokuwa na udhaifu.

Sasa, elimu ya kuihesabu hitilafu hii ya mahali na mahali ilianzia wapi? Wengi watadhani ilianza katika vyuo vya Ulaya. Sehemu moja ya mizizi yake iko Afrika, tena chini ya ardhi. Mwaka 1951 mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, alitoa matokeo ya kazi yake juu ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Wenye migodi walikuwa wakichukua sampuli ndogo za mawe pembeni mwa fungu kubwa la mwamba, wakakadiria kutokana nazo utajiri wa fungu zima. Krige alionyesha kwamba mafungu yaliyokadiriwa kuwa tajiri sana, yalipochimbwa, kwa jumla yalitoa dhahabu pungufu kuliko makadirio. Na yaliyodhaniwa kuwa maskini yalitoa zaidi. Sababu ni kwamba sampuli ndogo hupanda na kushuka kwa ukali, ila fungu kubwa lina mchanganyiko ndani yake na halipandi wala kushuka kiasi hicho. Dawa yake ilikuwa kutoiamini sampuli moja peke yake, bali kuipima pamoja na jirani zake, aliye karibu akipewa neno kubwa zaidi na aliye mbali neno dogo. Mfaransa Georges Matheron, katika miaka ya 1960, aliijengea kazi hiyo msingi kamili wa hisabati, akaiita kwa jina la Krige, na jina hilo latumika mpaka leo duniani kote.

Kilichomhusu mchimba dhahabu chamhusu pia mjenga msingi. Mwaka 1977 Erik Vanmarcke alichapa makala yaliyowafundisha wahandisi wa udongo kutaja mambo matatu mahali pa moja. La kwanza ni wastani, uliokwisha kujulikana. La pili ni mtawanyiko, yaani vipimo vinaachana na wastani kwa kiasi gani. La tatu ndilo jipya, nasi twaliita umbali wa kufanana: ukiwa umesimama mahali penye udongo dhaifu, utatembea mita ngapi kabla ya udongo kuusahau udhaifu ule na kuwa wa namna nyingine? Katika udongo uliotandazwa na maji umbali huo kwa kawaida ni mfupi ukishuka chini, mara nyingi mita chache au hata chini ya mita moja, na mrefu ukienda kando, huenda ukafika makumi ya mita. Yeyote aliyeona ukingo wa mto uliokatika, na mistari yake ya mchanga na ufinyanzi ikilala kama mikeka iliyopangwa, ameiona sababu kwa macho yake.

Kwa nini umbali huo uwe na maana kubwa kuliko tarakimu nyingine? Tutoe mifano miwili. Vijana wanavuta jahazi kulipandisha ufukoni, wote wameshika kamba. Mmoja akiwa mgonjwa, mwenye nguvu aliye karibu naye hufidia upungufu, na jahazi husogea. Lakini jahazi hilo hilo likiwa nanga, limeshikwa na mnyororo, pete moja tu ikioza hakuna pete nyingine inayoweza kuisaidia. Kundi la watu ni lile lile kwa idadi, na pete ni zile zile. Kinachogeuka ni namna mzigo unavyogawanywa.

Tuone hesabu yake. Tuseme nguvu ya udongo kwa wastani ni 100, na mtawanyiko wake ni 30. Nguzo ndefu iliyopigwa ardhini, ambayo hushikwa na udongo ubavuni kwa urefu wake wote, ikipita katika matabaka tisa yasiyofanana hata kidogo, mtawanyiko wa wastani wa yale tisa hushuka kutoka 30 hadi 10, kwani dhaifu na imara husaidiana kama wale vijana. Hapa kutofautiana kwa udongo ni rehema. Sasa chukua tuta lenye sehemu kumi, ambalo huharibika ikiporomoka sehemu yoyote mojawapo, na kila sehemu ina uwezekano wa 5 katika 100 wa kuwa mbovu. Ikiwa sehemu zote zafanana, basi zote ni nzuri au zote ni mbaya, na hatari ya tuta ni ile ile 5 katika 100. Ikiwa kila sehemu ni ya peke yake, hatari yapanda hadi kama 40 katika 100. Vipimo ni vile vile, wastani ni ule ule, na mtawanyiko haukubadilika. Mhandisi asiyeuliza habari za umbali wa kufanana hawezi kujua kama yuko katika habari ya kamba au katika habari ya mnyororo.

Kuna na jambo la tatu ambalo halikuwa likitazamiwa. Chukua nyumba ya nguzo nyingi, kila nguzo na msingi wake. Umbali wa kufanana ukiwa mfupi sana, kila msingi hukanyaga mchanganyiko wa kila kitu na misingi yote huzama sawasawa. Ukiwa mrefu sana, nyumba yote iko juu ya udongo wa namna moja. Pengine itazama sana, lakini itazama ikiwa wima. Balaa iko katikati, umbali ule unapokaribiana na nafasi iliyopo baina ya nguzo na nguzo. Hapo ndipo nguzo moja hupata udongo mgumu na jirani yake akapata laini, na kuta zikapasuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Gordon Fenton na D. V. Griffiths, walioanza kazi hii katika miaka ya 1990, waliionyesha hali hiyo kwa kompyuta. Huumba ardhi elfu moja au zaidi, zote zikiwa na wastani mmoja, mtawanyiko mmoja na umbali mmoja wa kufanana, kila moja ikiwa na udhaifu wake mahali pake. Kisha huibebesha kila moja mzigo na kuhesabu zilizoshindwa. Katika kazi yao mteremko wa kilima haukuporomoka kwa mstari wa duara unaochorwa katika vitabu vya shule. Ulipinda na kujisogeza, ukitafuta penye unyonge, kama maji yatafutavyo bonde.

Lakini tusije tukadhani kwamba kila hitilafu ya ardhi ni bahati nasibu. Nyingine ina utaratibu, na utaratibu huo wakulima waliujua kabla ya kompyuta. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliwaeleza wenzake kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpango kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na mpango huo hujirudia kilima baada ya kilima. Akauita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo tangu hapo: huitofautisha luseni ya kichanga iliyo juu, na itogolo iliyo chini yake, na mbuga nyeusi iliyo bondeni, ambayo huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Barabara inayokata nchi kama ile hupita katika udongo wote huo ndani ya kilomita moja. Atakayekusanya sampuli zake zote katika gunia moja na kutafuta wastani, atajenga barabara nene kupita kiasi huko juu, na huko mbugani itakatika katika masika ya kwanza. Kabla ya kufanya hesabu ya bahati, yatupasa kwanza tuondoe kile kisicho bahati. Twaona ni aibu kidogo kwamba mzee wa kijiji haulizwi mara nyingi wakati wa kupima njia, hali majina anayo mdomoni.

Tumesema habari za ardhi kwa sababu ndiyo yenye hila nyingi. Zege nalo lina yake, ingawa ni kazi ya mikono yetu. Kwa kanuni za ujenzi, nguvu iliyoandikwa katika ramani si wastani. Ni ile ambayo zege lisilozidi sehemu 5 katika 100 ndilo laruhusiwa kuwa chini yake. Basi swali letu la mwanzo larudi: hizo sehemu tano ziko wapi? Zikiwa zimetapakaa, konzi hapa na konzi pale, jengo halitazijua. Zikiwa zote ni zege la mchana mmoja, mashine ya kuchanganyia ilipoharibika, wachukuzi wa makarai wakawa wanachanganya kwa sepeto na kuongeza maji ili lilainike, na zege lile likaishia katika nguzo mbili za chini, basi hakuna cha tano katika mia tena. Mchemraba wa majaribio hujibu tu habari za karai lililotoka. Na hapo pana hila inayojulikana na kila aliyewahi kushinda penye ujenzi: karai la mchemraba huchaguliwa, tena kwa uangalifu kuliko karai la nguzo.

Dar es Salaam ilizika watu 36 waliofukiwa na jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa, tarehe 29 Machi 2013. Nairobi ilizika zaidi ya 50 baada ya nyumba ya Huruma kuanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Maanguko ya namna hiyo huwa na sababu nyingi, tamaa na udanganyifu zikiwamo, nasi hatutaki kuitwisha hesabu mzigo wa dhambi za watu. Hesabu hii ni ya watu waaminifu. Malpasset haikujengwa na walaghai.

Wako watakaosema kwamba haya ni anasa ya nchi tajiri. Hebu nao wapige hesabu nyingine, ndogo sana. Kiwanja cha mita 40 kwa 30, kitakachotikiswa na uzito wa jengo mpaka kina cha mita 20, kina mita za ujazo 24,000 za udongo. Yachimbwe mashimo matano ya uchunguzi, ambayo kwa wengi wetu yataonekana mengi, kila moja likiwa na upana wa sentimita 10. Udongo wote uliotoka katika mashimo hayo hautimii mita moja ya ujazo. Tumeonja chini ya sehemu moja katika 30,000, kisha twaandika kwamba kiwanja kimepimwa. Bei ya shimo la sita, ukiilinganisha na bei ya jengo, ni ya chumvi katika karamu. Lakini mwenye jengo huiona bei hiyo kwa kuwa yalipwa mwanzo, mkononi, kabla hata tofali moja halijaonekana.

Twakubali kwamba hesabu ina mipaka. Siku hizi ncha ya chuma husukumwa ardhini ikatoa kipimo kila baada ya sentimita chache, kwa hiyo tabia ya udongo ukishuka chini yajulikana vema. Ukienda kando hujui ila pale tu ulipotoboa, na umbali wa kufanana wa upande ule mara nyingi huazimwa katika vitabu, kutoka viwanja vya nchi za mbali. Kompyuta iliyolishwa umbali wa kuazima itatoa jibu lenye tarakimu nne baada ya nukta, na mtu asiyejua atalistahi. Sisi twalistahi zaidi jibu la mhandisi anayesema waziwazi kwamba hapa nimepima, pale nimekisia, na ukisio wangu ukiwa si sawa ni nguzo hii itakayoteseka. Kanuni za Ulaya za mwaka 2004 juu ya misingi zilikaribia kusema hivyo: zilimtaka mhandisi achague tarakimu kwa tahadhari, akikumbuka ukubwa wa eneo la ardhi litakalobeba, ambalo karibu sikuzote ni kubwa mno kuliko sampuli.

Basi ripoti ya udongo inapoletwa mezani, kwa halmashauri inayojenga shule au kwa chama cha ushirika kinachojenga ghala, wasiokuwa wahandisi wana haki ya kuomba mambo machache. Waonyeshwe katika ramani kila shimo lilipochimbwa, na waone kama liko chini ya jengo au penye kivuli cha mwembe tu, palipokuwa rahisi kufika. Waambiwe kipimo kibaya kuliko vyote kilitoka wapi, na kama majirani zake nao walikuwa wabaya. Waulize mhandisi atakuwapo siku ya kufukua msingi, kwani siku ile ndiyo peke yake ambapo ardhi yote iliyofichwa baina ya mashimo huonekana kwa jua, na kabla ya jioni kwa kawaida huwa imekwisha kufunikwa kwa zege.